Mgeni na Jembe Lake: Mambo Yanayoathiri Upatikanaji wa Kazi Yenye Maana kwa Wakimbizi Wakongo Waliohamishiwa Marekani

IKISIRI

Makala haya yanachunguza mambo yanayoamua iwapo mkimbizi aliyehamishiwa nchi ya tatu atapata kazi yenye maana au atabaki katika kazi yoyote inayopatikana. Mfano unaotumika ni wa wakimbizi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo waliopitia kambi na makazi ya Afrika Mashariki kabla ya kupelekwa Marekani, wengi wao wakiwa wasemaji wa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba ujuzi wa mkimbizi peke yake hauelezi hatima yake kazini. Kinachoieleza zaidi ni namna muda unavyotumika: miaka ya kambini, miezi michache ya mwanzo ugenini, na miaka inayofuata kazi ya kwanza. Aidha, makala yanaonesha kuwa lugha, pamoja na Kiswahili chenyewe, ina nafasi kubwa kuliko inavyodhaniwa.

1.0 Utangulizi

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hufafanuliwa kuwa ni onyo kwa mgeni asiyejua wakati wa kuondoka. Hata hivyo, ina upande wa pili usiojadiliwa sana. Mtu anayekabidhiwa jembe ameanza kuhesabiwa miongoni mwa wenyeji, kwa kuwa naye sasa anazalisha. Lakini methali haituambii kuwa jembe hilo ni la namna gani, shamba ni la nani, wala kama mgeni mwenyewe ni mkulima, mvuvi au mwalimu. Maswali hayo yaliyoachwa wazi ndiyo yanayotushughulisha katika makala haya.

Katika utaratibu wa kimataifa wa kuwahudumia wakimbizi, hutajwa masuluhisho matatu ya kudumu: kurejea nyumbani kwa hiari, kukaa moja kwa moja katika nchi iliyotoa hifadhi, na kuhamishiwa nchi ya tatu. Suluhisho la tatu huwafikia wachache mno miongoni mwa wakimbizi wa dunia. Kwa muda mrefu Marekani ndiyo iliyopokea wengi zaidi kwa njia hiyo. Kila mwaka wa fedha kuanzia 2016 hadi 2024, Wakongo ndio waliokuwa kundi kubwa zaidi katika orodha ya waliopokewa huko: zaidi ya 16,000 katika mwaka wa fedha wa 2016, na takribani 20,000 katika mwaka wa fedha wa 2024, ambapo jumla ya wakimbizi wote ilivuka 100,000. Mlango huo ulifungwa kwa sehemu kubwa tarehe 20 Januari 2025, Rais Donald Trump alipotoa amri ya kuisimamisha programu hiyo. Waliokwisha kuingia, hata hivyo, wako huko na wanaendelea kutafuta riziki. Suala la kazi yao halikufungwa pamoja na mlango.

Wengi wa wakimbizi hawa ni wenyeji wa Kivu na maeneo ya jirani, na waliishi miaka mingi Nyarugusu nchini Tanzania, Kakuma nchini Kenya, Nakivale na Kyangwali nchini Uganda, au katika kambi za Rwanda na Burundi. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha wao kwa wao, na wao na majirani zao. Kwa sababu hiyo mtaalamu wa Kiswahili hawezi kuliona suala hili kuwa la wanauchumi peke yao.

2.0 Dhana ya Kazi Yenye Maana

Kabla ya kuyachambua mambo yanayoathiri upatikanaji wa kazi, hatuna budi kueleza tunachokusudia. Kiswahili kina maneno kadhaa ambayo hayabadilishani nafasi ovyo. Kazi ni neno pana. Hulima mtu kwake ikawa kazi, na hulea mama watoto ikawa kazi. Ajira hudokeza mkataba na ujira. Kibarua, neno linalohusishwa na kijikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa, hudokeza shughuli ya siku hadi siku isiyo na dhamana ya kesho. Mtu anaweza kuwa na kibarua kila siku kwa miaka kumi na bado akasema, kwa haki kabisa, kwamba hana kazi.

Kiswahili cha Kongo kinaongeza jambo jingine. Katika makala yake ya mwaka 1973, Johannes Fabian alionesha jinsi dhana ya kazi miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili wa Katanga ilivyobeba maana inayozidi ile ya shughuli ya ujira. Katika Kiswahili hicho, kama katika kile cha Kivu, kitenzi kutumika humaanisha kufanya kazi. Anayeuliza "unatumika wapi?" anataka kujua mahali pa kazi. Msikilizaji wa Dar es Salaam au Unguja, ambaye kwake kutumika ni kufanywa chombo, huweza kushtuka. Tutarejea kwenye tofauti hii katika sehemu ya 5.0.

Kwa madhumuni ya makala haya, kazi yenye maana ni ile inayotimiza masharti manne. Kwanza, ujira wake unatosha kumweka mtu na wanaomtegemea. Pili, inatumia ujuzi alio nao au inamjengea mwingine. Tatu, ina njia ya kupanda, hata kama ni nyembamba. Nne, yeye mwenyewe na jamii anayoithamini wanaitambua kuwa ni kazi ya heshima. Sharti la nne linatuzuia kuhukumu kwa macho ya nje. Mwanamke anayefanya usafi hotelini na kila mwezi akamtumia mama yake fedha kambini huenda akaiona kazi hiyo kuwa na maana kubwa. Lakini pia halituruhusu kujiridhisha kwamba kazi yoyote ni bora kuliko kutokuwa na kazi. Methali isemayo kuwa mchagua jembe si mkulima humfaa mtu mwenye majembe mawili ya kuchagua; ni vigumu kumwambia mkunga aliyetoa huduma kwa miaka kumi na mitano kwamba kufungasha kuku kiwandani ni jembe lilelile.

Tatizo hili si geni wala si la Wakongo peke yao. Barry Stein (1979), aliyechunguza hali ya Wavietnamu waliopokewa Marekani baada ya vita vya 1975, alionesha kuwa wengi walishuka ngazi za kazi. Waliokuwa na nyadhifa na taaluma waliangukia kazi za chini, na kurudi juu hakukuwa kwa haraka. Hivyo swali la kitafiti si kama mkimbizi hushuka. Swali ni nini kinachoamua urefu wa kushuka huko, na nani hupanda tena.

3.0 Muda wa Kambini

Nadharia ya rasilimali ya ujuzi, iliyoenezwa na Gary Becker (1964), huichukulia elimu na uzoefu wa mtu kuwa ni mtaji unaozaa kipato. Nadharia hii husaidia, lakini hudhani kuwa mtaji hukaa salama mpaka utakapohitajika. Ujuzi wa mkimbizi haukai hivyo. Ujuzi usiotumika huchakaa, na kambi nyingi ni mahali ambapo matumizi yake yamewekewa mipaka ya kisheria.

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, katika vifungu vya 17 hadi 19, unazungumzia haki ya mkimbizi ya kuajiriwa, kujiajiri na kufanya shughuli za kitaaluma. Nchi za eneo letu zimeutekeleza kwa namna zinazotofautiana. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi aishi katika eneo lililotengwa, na ajira nje ya hapo inahitaji kibali. Uganda, kwa Sheria ya Wakimbizi ya 2006, inatambua haki ya mkimbizi ya kufanya kazi na kutembea, na katika makazi kama Nakivale familia nyingi zilipewa viwanja vya kulima. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka 1996, kambi hiyo ilipofunguliwa, alitimiza miaka 20 mwaka 2016 pengine bila kumwona mzazi wake akienda kazini kwa mkataba hata siku moja.

Haina maana kuwa kambini hakuna kazi. Kuna walimu, wauguzi wasaidizi, wakunga, mafundi cherehani, wakalimani na viongozi wa mitaa. Wengi wanaofanya kazi na mashirika hulipwa posho badala ya mshahara, kwa kuwa kisheria hawahesabiwi kuwa waajiriwa. Matokeo yake huonekana miaka mingi baadaye: mwalimu aliyefundisha darasa la wanafunzi mia moja kwa miaka kumi anapojaza fomu ya kazi ugenini, hana barua ya ajira, hana hati ya malipo, wala hana mkuu wa shule anayeweza kupigiwa simu. Miaka kumi ya kazi halisi inaandikwa kuwa miaka kumi ya kukaa.

Lugha ya shule za kambini nayo ina athari za moja kwa moja. Huko Nyarugusu watoto wa Kikongo walifuata mtaala wa Kongo, uliofundishwa kwa Kifaransa, kwa matarajio ya kurejea nyumbani. Kakuma walifuata mtaala wa Kenya, na Uganda wakafuata mtaala wa Uganda. Kote kuwili Kiingereza ni lugha ya kufundishia. Ndugu wawili wa tumbo moja waliokimbilia nchi tofauti huweza kukutana Ohio, mmoja akiwa na Kiingereza cha kumtosha kuombea kazi na mwingine akiwa hana, ilhali wote wamemaliza sekondari. Tofauti hiyo haikutokana na bidii yao. Ilitokana na upande waliovukia mpaka.

Urefu wa kungoja nao huumiza. Katika utafiti wao kuhusu waomba hifadhi nchini Uswisi, Hainmueller, Hangartner na Lawrence (2016) waligundua kuwa kila mwaka mmoja wa ziada wa kungoja uamuzi ulipunguza kiwango cha ajira baadaye kwa pointi 4 hadi 5 za asilimia. Mazingira ya Uswisi si ya Kasulu, lakini ikiwa mwaka mmoja wa kungoja katika nchi tajiri huacha alama hiyo, miaka kumi na tano au ishirini haiwezi kupuuzwa.

4.0 Miezi ya Mwanzo Ugenini

Sheria ya Wakimbizi ya Marekani ya mwaka 1980 iliweka lengo la kumwezesha mkimbizi kujitegemea kiuchumi mapema iwezekanavyo. Mkimbizi huruhusiwa kufanya kazi tangu anapowasili, jambo ambalo ni faida kubwa akilinganishwa na waomba hifadhi, ambao sharti wangoje kibali. Wakala wa mapokezi humhudumia katika siku 90 za mwanzo kwa nyumba, samani, kadi na mafunzo mafupi. Kwa wasio na watoto wadogo, msaada wa fedha wa serikali kuu ulidumu miezi minane kwa takribani miongo mitatu, ukaongezwa kuwa miezi kumi na miwili kuanzia 2021, kisha ukapunguzwa hadi miezi minne kwa waliopata sifa za kuhudumiwa kuanzia Mei 2025. Juu ya hayo, familia hudaiwa nauli ya ndege waliyokopeshwa kupitia Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, na urejeshaji huanza takribani miezi sita baada ya kuwasili.

Ukiziweka tarakimu hizi pamoja, utaona kuwa siku ya tatu ya methali inafika mapema. Afisa ajira wa wakala anayefuatilia familia nyingi, na ambaye mafanikio yake hupimwa kwa idadi ya walioajiriwa ndani ya miezi michache, hana nafasi ya kuuliza mtu alikuwa nani. Anauliza nani anaajiri wiki hii. Wanaoajiri wiki yoyote ile ni viwanda vya kusindika nyama na kuku, maghala ya mizigo, hoteli, makampuni ya usafi na nyumba za kutunzia wazee.

Tusiuhukumu utaratibu huu kwa upande mmoja. Mshahara wa kwanza hulipa kodi ya nyumba, hurejesha heshima ya mzazi mbele ya wanawe, na huondoa upweke. Nchi ambazo ziliwaweka wageni katika mafunzo kwa miaka bila kazi nazo zimelaumiwa. Ubaya haumo katika kuanza mapema. Ubaya umo katika kazi ya kwanza inayoziba njia ya pili. Zamu ya usiku inayoanza saa kumi jioni na kumalizika alfajiri hugongana na darasa la Kiingereza la jioni na lile la asubuhi. Kazi ya mstari wa mashine yenye kelele, ambamo wenzako wote wanazungumza lugha yako au hawazungumzi kabisa, haifundishi Kiingereza. Mfanyakazi hujikuta mwaka wa tano akiwa na Kiingereza cha mwezi wa tano. Hatari za mwili nazo zipo: katika majira ya kuchipua ya 2020 viwanda vya nyama vya Marekani vilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo palipokumbwa na mlipuko mkubwa wa UVIKO-19, na wahamiaji na wakimbizi walikuwa sehemu kubwa ya wafanyakazi wake.

Mfano wa Denmark unasaidia kulinganisha. Mageuzi yaliyoanza Januari 1999 yaliongeza mafunzo ya lugha kwa wakimbizi. Arendt na wenzake, waliowafuatilia walioguswa na mageuzi hayo, walibaini kuwa manufaa katika ajira na kipato yaliendelea kuonekana miaka mingi baadaye. Somo tunalopata ni kuwa saa za darasani za mwaka wa kwanza huzaa matunda katika mwaka wa kumi, wakati ambapo taarifa za wakala zimekwisha kufungwa.

5.0 Lugha, Vyeti na Tafsiri

Ager na Strang (2008), katika kielelezo chao cha utangamano, waliiweka lugha miongoni mwa nyenzo zinazowezesha mambo mengine yote. Kwa kawaida kauli hii huchukuliwa kuhusu lugha ya nchi mwenyeji. Ni kweli kuwa Kiingereza ndicho kizingiti cha kwanza. Lakini kipo kizingiti kingine kisichotajwa sana, nacho ni tafsiri mbovu kutoka katika Kiswahili na Kifaransa cha mkimbizi.

Chukua neno diploma. Kwa Mkongo, diploma ya taifa hutolewa mwishoni mwa sekondari. Kwa Mtanzania, diploma ni stashahada inayofuata baada ya sekondari. Mkalimani Mtanzania akimsikia mkimbizi akisema "nina diploma ya ualimu", huweza kuipandisha hadhi bila kujua, na baadaye mhusika akaonekana mwongo cheti kinapokaguliwa. Kinyume chake hutokea kwa neno lisansi. Katika mfumo wa zamani wa vyuo vikuu vya Kongo, mwanafunzi alisoma miaka mitatu ya awali, akaongeza miwili, ndipo akapata lisansi, yaani shahada kamili. Neno hilo likipita mikononi mwa mkalimani asiyeujua mfumo huo, hugeuka kuwa leseni. Mwenye shahada ya miaka mitano huandikwa kuwa ana kibali cha kufundishia. Na yule aliyesema alikuwa "akitumika hospitalini" huweza kuandikwa kana kwamba alikuwa mtumishi wa kutumwatumwa, hali alikuwa muuguzi.

Makosa haya ni madogo kwa sura, lakini huingia katika fomu ya kwanza, na fomu ya kwanza hunakiliwa katika zote zinazofuata. Hapa ndipo dhana kwamba Kiswahili ni kimoja inapoleta madhara. Mashirika huagiza mkalimani wa Kiswahili na kupewa msemaji wa Kiswahili sanifu. Pande zote mbili zinaelewana kwa mengi, na kwa sababu hiyo hakuna anayeshuku yale machache yasiyoeleweka.

Vyeti vikishatafsiriwa sawasawa, bado vinapaswa kutambuliwa. Kwa daktari aliyesomea nje, njia ya kawaida nchini Marekani ni kufaulu mitihani ya leseni kisha kurudia mafunzo ya vitendo hospitalini kwa miaka kadhaa. Uuguzi, ualimu, uhandisi na sheria vina njia zake, na kila jimbo lina bodi zake. Mtu mwenye watoto sita na mkopo wa nauli hawezi kuacha mshahara ili akae darasani. Baadhi ya majimbo yameanza kulegeza masharti. Tennessee, mathalani, mwaka 2023 ilipitisha sheria ya kuwapa leseni ya muda baadhi ya madaktari waliosomea nje bila kuwataka warudie mafunzo hayo yote. Hatua hizo huwafaa wachache wenye nyaraka kamili. Aliyekimbia usiku kutoka Fizi au Uvira aghalabu hakubeba nyaraka, na chuo kilichompa cheti huenda hakijibu barua.

6.0 Watu na Mahali

Mark Granovetter (1973) alitoa hoja kuwa taarifa za kazi mpya humfikia mtu zaidi kupitia watu anaofahamiana nao kwa mbali kuliko kupitia jamaa wa karibu, kwani jamaa wa karibu wanajua yaleyale anayoyajua yeye. Kwa mkimbizi hali ina sura mbili. Jamaa na waumini wenzake ndio wanaompeleka kwa msimamizi wa zamu siku ya kwanza, na ndio wanaompa nafasi katika gari lao alfajiri. Lakini humpeleka mahali wanapofanya kazi wao. Mji ambao Wakongo wote wako katika kiwanda kimoja una mlango mmoja.

Utafiti wa Lori Beaman (2012) juu ya wakimbizi waliopokewa Marekani unaongeza kipengele cha muda katika hoja hii. Aligundua kuwa mgeni anapofika mahali ambapo wenzake wengi wamewasili mwaka mmoja tu kabla yake, nafasi yake ya ajira hupungua, kwa kuwa wote wanagombania kazi zilezile na hakuna mwenye taarifa za ziada. Wenzake wanapokuwa wamekaa muda mrefu zaidi, nafasi ya ajira na ujira wake huongezeka. Kwa hiyo jamii kubwa si lazima iwe jamii yenye msaada. Umri wake ndio wenye uzito. Wakongo walioingia kwa maelfu katika kipindi kifupi, Kentucky, Texas, Ohio, Arizona na kwingineko, walijikuta mara nyingi wakiongozwa na watu waliowatangulia kwa miezi tu.

Mkimbizi hachagui mji, ila pale anapokuwa na ndugu aliyetangulia. Nyumba nafuu mara nyingi ziko mbali na ajira nzuri, na miji mingi ya Marekani haina usafiri wa umma wa saa zote. Mtu ambaye hajawahi kushika usukani sharti ajifunze gari, sheria za barabarani na Kiingereza cha mtihani kwa wakati mmoja. Bila leseni ya udereva, kazi nzuri iliyo kilomita thelathini kutoka nyumbani ni sawa na kazi isiyokuwapo.

Wasomali Wabantu wanatupa mfano wa tofauti. Kundi hili, ambalo sehemu yake husema Kizigula na hujihesabu kuwa na asili ya Tanzania, lilipelekwa Marekani kutoka Kenya kuanzia 2003, likiwa na watu wapatao 12,000. Wengi walikuwa wakulima ambao hawakupata nafasi ya kwenda shule, na kwa kipimo cha vyeti walikuwa maskini kabisa. Waliojikusanya Lewiston, jimbo la Maine, waliunda chama chao na baadaye kuanzisha mashamba ya pamoja, ambamo familia hulima mahindi na mboga walizozizoea kwa chakula na kwa kuuza. Kilimo hicho hakikuondoa umaskini wala hakikuchukua nafasi ya ajira zote za mshahara. Lakini kwa wazee na akina mama ambao soko la ajira lilikwisha kuwahukumu kuwa hawana ujuzi, kilithibitisha kwamba ujuzi wao ulikuwapo muda wote, ukikosa ardhi tu.

7.0 Familia na Afya

Mambo tuliyoyataja hayamgusi kila mtu sawasawa. Miongoni mwa Wakongo waliohamishwa kulikuwa na wanawake wengi wanaoongoza familia peke yao, baadhi yao wakiwa wahanga wa ukatili wa kivita. Kambini mama aliweza kumwachia jirani mtoto. Ugenini jirani yuko kazini, na sheria haziruhusu mtoto mdogo abaki peke yake. Gharama ya malezi ya watoto wawili huweza kumeza mshahara wote wa zamu. Kwa mama huyu, upatikanaji wa kazi yenye maana huanza na kituo cha kulelea watoto kabla ya kufika kwenye cheti.

Majeraha ya nafsi nayo huingia kazini. Usingizi wa mang'amung'amu, hofu ya kelele na maumivu yasiyo na jina hupunguza uwezo wa kujifunza lugha na kustahimili amri za msimamizi. Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Kumchukulia kila mkimbizi kuwa mgonjwa ni njia nyingine ya kumnyima kazi. Kwa wengi, kazi inayoheshimika ni sehemu ya tiba yenyewe.

8.0 Baada ya Kazi ya Kwanza

Je, walioshuka hupanda? Kalena Cortes (2004) aliwalinganisha wakimbizi na wahamiaji wa kiuchumi walioingia Marekani kati ya 1975 na 1980. Mwaka 1980 wakimbizi walipata kipato kidogo kwa asilimia 6 na kufanya kazi saa chache zaidi. Kufikia 1990 hali ilikuwa imepinduka: kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 20. Maelezo yake ni kwamba mkimbizi hana pa kurudi, na hivyo huwekeza zaidi katika lugha na ujuzi wa nchi aliyomo.

Matokeo haya yanatia moyo, lakini yasichukuliwe kuwa ni kanuni ya maumbile. Yanaonesha kuwa kupanda kunawezekana pale ambapo mtu ana muda wa kuwekeza na uhakika wa kubaki. Mkimbizi wa Marekani huomba ukaazi wa kudumu baada ya mwaka mmoja na uraia baada ya mitano, na uhakika huo ni sehemu ya mtaji wake. Msaada ukifupishwa hadi miezi minne, au hadhi ya ukaazi ikitiliwa shaka, kinachopunguzwa ni ule muda ambao ndio chanzo cha kupanda. Mtu asiyejua kama atakuwapo mwakani hachukui mafunzo ya miaka miwili. Huchukua zamu ya ziada.

9.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonesha kuwa upatikanaji wa kazi yenye maana hautegemei jambo moja. Sheria za nchi ya hifadhi, lugha ya shule ya kambini, kasi inayodaiwa na nchi pokezi, uaminifu wa tafsiri, utambuzi wa vyeti, umri wa jamii iliyotangulia, usafiri, malezi ya watoto na afya vyote vinachangia. Kinachoviunganisha ni muda. Ujuzi hupotea mtu anapongojeshwa bila kazi, na hauwezi kurejeshwa kwa miezi michache ya haraka.

Kwa watunga sera, maana yake ni kwamba kipimo cha mafanikio kisiishie mwezi wa sita. Swali linalofaa kuulizwa ni mtu yuko wapi mwaka wa tano, na kama kazi yake ya kwanza ilimwachia saa za kujifunza. Kwa nchi zetu za hifadhi, kumruhusu mkimbizi kufanya kazi na kumpa barua inayoithibitisha si fadhila inayoishia mpakani. Barua ya ukurasa mmoja kutoka shule ya kambini huweza kuamua maisha ya mwalimu huyo miaka kumi baadaye katika bara jingine.

Kwa idara za Kiswahili kuna jukumu lililo wazi. Hatuna budi kuwa na faharasa ya majina ya kazi, vyeo na vyeti inayolinganisha matumizi ya Kongo, Burundi, Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania, itakayotumiwa na wakalimani popote wanapofanya kazi. Kazi hii inahitaji ushirikiano na wenzetu wa Bukavu, Goma na Lubumbashi, na inahitaji kuanza kwa kuwasikiliza wakimbizi wenyewe wakieleza walikuwa wakitumika wapi, na kwa kazi gani. Ni utafiti usio na gharama kubwa, na wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada wanaweza kuuanza sasa.